Ziwa Halina Vitivo

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Mwanza

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wakuu wa vitivo, wahadhiri wenzangu, wazazi na walezi mliowaleta vijana wenu, nawasalimu kwa heshima. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Na ninyi wanafunzi wapya, karibuni sana Mwanza.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kusoma maendeleo endelevu katika chuo chenye fani nyingi. Ndani ya ukumbi huu wamo waliochaguliwa kusoma uchumi, sheria, uhasibu, biolojia, uhandisi, sosholojia, ualimu na uandishi wa habari. Kila mwaka, ratiba ikishabandikwa, huja mwanafunzi ofisini akauliza: "Mwalimu, mimi nasomea uhasibu. Mambo ya samaki na misitu yananihusu vipi?" Ni swali la haki, na anayeliuliza anastahili jibu lenye uzito kuliko kuambiwa tu kwamba somo ni la lazima.

Fasili mtaipata darasani. Tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, Waziri Mkuu wa Norway, ilisema mwaka 1987 kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaweka malengo 17 ya kufikiwa ifikapo 2030. Nayaheshimu maneno hayo. Ila ukiyasoma yakiwa peke yake huoni ugumu wake uko wapi. Kila mtu anayakubali, na jambo ambalo kila mtu analikubali kabla ya kuanza kazi bado halijafundisha kitu. Kwa hiyo naomba tuyaweke kando kidogo, tulitazame ziwa.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Asilimia 51 ziko Tanzania, 43 Uganda, 6 Kenya. Pamoja na upana wote huo, kina chake ni kifupi: mahali penye kina kirefu kabisa hapafiki mita 90, wakati Ziwa Tanganyika linashuka zaidi ya mita 1,400. Likumbukeni hilo. Ziwa lenye kina kifupi namna hii halichelewi kuonyesha yale yanayofanywa kando yake.

Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, Michael Graham, alitumwa kulikagua. Nyavu za makila zilizoingia mwanzoni mwa karne zilikuwa zimeanza kumpunguza ngege, yule sato wa asili ambaye watu wa kandokando ya ziwa walimpenda kuliko samaki wote. Graham alipendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Akaongeza onyo moja katika ripoti yake ya mwaka 1929: kuleta humu samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa, isipokuwa utafiti wa kina utangulie.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 samaki huyo aliletwa. Ni sangara. Wenzetu wa Kenya humwita mbuta, Waganda humwita mputa. Mwaka 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika kupinga mpango huo, lakini sangara alikuwa ameshaanza kuonekana majini.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo somo letu linapoanzia. Waliotaka sangara aletwe hawakuwa wajinga, wala hawakuwa na nia mbaya. Ziwa lilikuwa limejaa furu, visamaki vidogo vyenye miba mingi na bei ndogo. Furu ndio walikuwa sehemu kubwa kabisa ya uzito wa samaki wote waliokuwamo. Ofisa wa uvuvi aliyepewa jukumu la kuongeza kitoweo na kipato alifanya hesabu iliyonyooka: tukileta samaki atakayewala hao wadogo, tutapata samaki mkubwa, mnene, anayeuzika. Kwa daftari lake, hesabu ilikuwa sahihi.

Miaka ikapita bila mabadiliko makubwa. Kuingia miaka ya 1980 sangara akajaa ziwani, na miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimesimama Mwanza, Musoma, Kisumu na kwingineko kulizunguka ziwa. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Mimi ni mchumi, na siwezi kusimama mbele yenu nikasema kwamba fedha ile haikuwa ya kweli. Watu walijenga nyumba. Watoto walisomeshwa, huenda hata humu ukumbini wamo ambao ada ya baba zao ilitoka kwa sangara. Taifa lilipata fedha za kigeni. Kwa daftari la uchumi, ukilifungua ukurasa wa mauzo ya nje, nao ulikuwa ushindi.

Sasa fungueni madaftari mengine.

Mwanabiolojia atawaambia kwamba ziwa hili lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani, na kwamba wanasayansi wengi hukadiria kuwa spishi zipatazo 200 zilitoweka ndani ya miaka michache. Wachache kati ya viumbe wenye uti wa mgongo wamewahi kupukutika kwa wingi na kwa haraka namna hiyo mbele ya macho ya watafiti. Timu ya Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi ilikuwa hapa Mwanza tangu mwaka 1977 ikiwachunguza furu hao. Walikuja kuandika maisha yao, wakajikuta wanaandika kutoweka kwao.

Mtu wa misitu naye ana la kwake. Furu alikuwa anaanikwa juani, akakauka, basi. Sangara ana mafuta mengi, jua halimkaushi sawasawa. Aliyemtaka akae muda mrefu bila barafu alilazimika kumbanika kwa moshi au kumkaanga, na vyote viwili vinataka kuni. Miti ya visiwani na ya kandokando ya ziwa ikakatwa. Hakuna hata mmoja kati ya walioandika mpango wa sangara aliyeweka safu ya kuni katika hesabu yake.

Mwanasosholojia atawauliza: aliyekuwa anauza furu na sato alikuwa nani? Alikuwa mwanamke, mara nyingi, mwenye beseni na mtaji mdogo, aliyenunua asubuhi mwaloni, pale samaki wanaposhushwa kutoka mitumbwini, na kuuza mnadani mchana. Sangara ni samaki wa mtaji mkubwa. Mawakala wa viwanda walikuja na boti zenye barafu, wakawakopesha wavuvi nyavu na mashine, na mvuvi mwenye deni humuuzia anayemdai. Yule mama akasukumwa pembeni. Minofu ilipokwenda Ulaya, kwake yakabaki mapanki, kichwa na mifupa, ndiyo akawa anayakaanga na kuwauzia wenye kipato kidogo. Mtaalamu wa lishe ataongeza kwamba kaya iliyokuwa inakula samaki mzima karibu kila siku ilianza kuhesabu siku za kumwona.

Nani kati ya hao wote alisema uongo? Hakuna. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake, umepimwa na kuthibitishwa kwa taratibu za fani yake. Hasara ilikuwa imekaa pale ambapo daftari moja linaishia na jingine halijafunguliwa. Hilo ndilo ninalotaka mlibebe leo: jifunzeni daftari lenu mpaka mlijue vizuri, kisha jifunzeni kuuliza ni kitu gani halina safu yake, na ni nani katika chuo hiki anayekiandika.

Nitawapa mfano ambao kila nikiusimulia nastaajabu upya. Wapo furu wawili wa miambani wanaofanana sana. Mmoja dume wake ni wa samawati. Jina lake la kisayansi ni Pundamilia pundamilia, kwa sababu ya mistari yake. Mwingine dume wake ana wekundu mgongoni na huitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Jike hutofautisha dume wake kwa rangi. Penye maji maangavu, kama kwenye kisiwa cha Makobe, jike wa kila upande anamwona dume wa aina yake na anamfuata, spishi mbili zinabaki mbili. Ukiingia ndani ya Ghuba ya Mwanza, kadiri maji yanavyozidi kuwa ya tope na kijani, mwanga unapungua na rangi hazionekani tena. Jike hawezi kuchagua. Aina mbili zinachanganyika, na baada ya muda unakuta samaki wa aina moja tu, hafifu wa rangi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997, na sehemu ya kazi yenyewe ilifanyika hapa hapa kwenye ghuba yetu. Maana yake ni kwamba furu wanaweza kupotea hata pale ambapo sangara hajawagusa.

Sasa fuateni swali hilo linakokwenda. Kwa nini maji yamekuwa ya kijani? Kwa sababu ya mwani. Kwa nini mwani umeongezeka? Umepata chakula kingi, fosfori na naitrojeni, na wapo watafiti wanaosema kwamba kupungua kwa furu waliokuwa wakiula nako kumechangia. Virutubisho hivyo vinatoka wapi? Vingine vinashuka na mito na mifereji: udongo wa mashamba, maji taka ya miji yetu. Lakini sehemu kubwa ya fosfori inashuka kutoka angani, kwa vumbi na kwa moshi wa mashamba, mapori na kuni zinazochomwa katika eneo lote linalolizunguka ziwa. Kwa hiyo mwanabiolojia aliyeanza kwa kuuliza kwa nini jike hamwoni dume anajikuta amesimama pembeni ya shamba la mkulima, na moto unawaka. Akitaka kujua kwa nini mkulima anachoma, biolojia yake haimsaidii tena. Hapo anahitaji mtu anayejua bei ya pamba na mahindi, anayejua umiliki wa ardhi, anayejua nani katika kaya anaamua shamba lisafishwe vipi na nani anashika jembe. Na mtu huyo wa jamii, akiwa peke yake, asingejua hata kidogo kwamba moshi ule una uhusiano na ndoa za samaki.

Mnaona basi kwa nini sitaki kumwambia yule mwanafunzi wa uhasibu kwamba somo hili ni la kuongeza maarifa ya jumla. Nataka nimwambie kwamba kuna kazi humu ambayo haitafanyika bila yeye. Samani ya kiwanda inaandikiwa uchakavu kila mwaka. Uchakavu wa ziwa lenyewe unaandikwa ukurasa gani? Hilo ni swali la uhasibu, gumu, na wahasibu duniani wanalihangaikia hivi sasa.

Nije upande wa sheria na siasa, ambako pia wengi hudhani samaki hawafiki. Ukoloni ulipoondoka, utafiti wa uvuvi wa ziwa hili ulikuwa wa pamoja, ukiendeshwa kutoka Jinja, na baadaye ukawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Utafiti wa pamoja ukavunjika nayo. Kila nchi ikaanza kujenga taasisi yake. Ya kwetu, TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ilianzishwa mwaka 1980. Tazameni tarehe hizo pamoja na zile za sangara. Miaka ambayo ziwa lilikuwa linageuka kwa kasi kuliko wakati wowote ndiyo miaka ambayo nchi tatu hazikuwa na chombo kimoja cha kulitazama. Mpaka mwaka 1994 ndipo mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ulipotiwa saini, makao yake yakawekwa Jinja tena. Mwanabiolojia anayeeleza historia ya samaki wa ziwa hili bila kutaja mwaka 1977 ameacha sababu moja nje. Na mwanahistoria anayeandika kuvunjika kwa Jumuiya akataja reli, posta na ndege tu, naye ameacha jambo kubwa.

Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili mara kadhaa, kwanza kwa sababu ya bakteria wa salmonela, kisha hofu ya kipindupindu, kisha kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu. Sitakaa sana hapo. Itoshe kusema kwamba kipimo cha maabara kilibadilisha bei ya mvuvi wa Ukerewe kwa siku chache, na kwamba masharti ya usafi yaliyofuata yalibadilisha mialo yetu na viwanda vyetu kwa namna ambayo mwanasheria, mwanamaabara na mchumi kila mmoja anaweza kueleza theluthi tu.

Kina cha maji chenyewe kinafundisha. Maji mengi yanayoingia ziwani, takriban asilimia 80, ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Mengi yanayotoka huenda kwa mvuke. Yanayobaki huteremka Mto Nile pale Jinja, ambako bwawa la Owen Falls limekuwapo tangu 1954 na kiwango cha kuyaachia kilikuwa na makubaliano. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho hakijaonekana kwa zaidi ya miaka 80. Wavuvi walivuta mitumbwi kwenye matope, mabomba ya maji ya miji yakaning'inia hewani. Ilisemwa ni ukame. Ukame ulikuwapo kweli. Wataalamu wa maji walipofanya hesabu walionyesha kwamba maji yaliyoachiwa kwa ajili ya umeme yalizidi makubaliano, na kwamba sehemu kubwa ya upungufu ilitokana na hilo. Halafu mwaka 2020 ziwa likapanda likavunja rekodi, likafukuza watu kwenye nyumba na mashamba ya ufukweni katika nchi zote tatu. Mhandisi atawaambia juu ya mitambo, mtaalamu wa hali ya hewa juu ya mvua. Lakini aliyemruhusu mtu kujenga pale ambapo wazee walijua maji hufika ni mtu wa mipango miji, na aliyekosa mahali pengine pa kujenga ana kisa ambacho hakimo katika vipimo vyovyote vya maji.

Huenda mmeanza kufikiri kwamba namtaka kila mmoja wenu ajue kila kitu. La. Hilo ni kosa la upande wa pili, na ninaliogopa sawasawa na lile la kwanza. Nimewaona vijana waliogusa kila fani kidogo kidogo. Wanazungumza vizuri sana kwenye mikutano, na ukiwapa takwimu za mavuno ya samaki hawawezi kukwambia kama zimekusanywa sawasawa. Ziwa haliwezi kusaidiwa na watu wa namna hiyo. Someni fani yenu kwa bidii yote. Mwanasheria ajue sheria mpaka mwisho. Mwanabiolojia ajue kutofautisha furu na furu. Utakapokaa meza moja na wenzako, watakuhitaji kwa kile ambacho wao hawakijui.

Ila jifunzeni pia namna wenzenu wanavyothibitisha jambo. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Mwanafizikia anataka kipimo kinachorudiwa. Mwanahistoria anataka barua ya wakati ule. Mwanaanthropolojia anakaa kijijini msimu mzima akisikiliza, na daftari lake la maelezo ndilo ushahidi wake. Mchumi, namsema na mimi mwenyewe, anapenda kugeuza kila kitu kuwa bei. Mkishajua mwenzenu anathibitisha vipi, hamtamdharau tena kwa kukosa ushahidi wa aina yenu.

Mfano mzuri wa faida ya hilo ni huu. Mwaka 1968 mwanabiolojia Mmarekani Garrett Hardin aliandika makala yenye nguvu akisema kwamba mali ya wote lazima itaharibiwa, kwa kuwa kila mtu atachukua kadiri awezavyo. Wengi waliamini, na serikali nyingi zikahitimisha kwamba dawa ni askari au hatimiliki. Elinor Ostrom, ambaye fani yake ilikuwa sayansi ya siasa, alikusanya visa kutoka nchi nyingi, wavuvi, wachungaji, watu wa mifereji ya umwagiliaji, akaonyesha kwamba jamii nyingi zimetunza mali ya pamoja kwa kanuni walizotunga wenyewe. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Vikundi vya BMU, yaani vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, mnavyovikuta kwenye mialo yetu vimejengwa juu ya fikra za namna hiyo, kwamba wavuvi wenyewe washiriki kusimamia. Vingine vinafanya kazi vizuri, vingine vimelegea, na kwa nini hiki kisimame na kile kianguke ni tasnifu zinazowasubiri ninyi.

Wala msidhani kwamba kuchanganya fani ni mtindo ulioletwa juzi na wafadhili. Mwishoni mwa miaka ya 1960, pale Mlimani Dar es Salaam, walimu na wanafunzi walibishana vikali juu ya somo la pamoja litakalomfanya mwanasheria na mwanasayansi waijue jamii watakayoitumikia. Mabishano hayo yalizaa masomo ya maendeleo tunayoyajua leo, na mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Wale walikuwa na swali lililowauma: nchi maskini inasomesha wachache kwa jasho la wengi, je, hao wachache wataujua mzigo wa wengi? Swali hilo bado linanigusa kila ninapoingia darasani, na nawaomba nanyi liwaguse.

Sasa niseme juu ya kazi za vikundi, maana najua zinavyofanyika. Wanafunzi sita wanapewa swali. Wanagawana: wewe utangulizi, wewe uchumi, wewe mazingira, wewe hitimisho. Kila mmoja anakwenda bwenini kwake anaandika kipande. Usiku wa mwisho mmoja anaviunganisha, anapeleka kuchapwa, wanaweka majina sita. Kazi ile ina kurasa za fani nne na haina hata sentensi moja iliyotokana na fani mbili kukutana. Serikali zetu nazo zina mipango mingi iliyoandikwa hivyo hivyo: sura ya uvuvi, sura ya nishati, sura ya jinsia, na ukizisoma hazijuani. Mazoea hayo tunayaanzia hapa chuoni, kwa hiyo hapa ndipo pa kuyavunjia.

Muhula huu tutafanya hivi. Mada yetu ni dagaa. Kwa uzito, dagaa ndiye anayevuliwa kwa wingi kuliko samaki wengine wote wa ziwa hili sasa. Huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa asubuhi, na wengi wanaomwanika ni wanawake. Akianikwa mchangani hubeba mchanga, bei yake hushuka na mara nyingi huishia kuwa chakula cha kuku. Akianikwa juu ya vichanja hutoka safi, huliwa na watu na kuuzwa mbali, hadi Kongo. Mvua za masika zikija kabla hajakauka, huharibika. Viwanda vya chakula cha mifugo vinamtaka, na mama mwenye mtoto anayekua anamtaka, kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake na bei yake bado inafikiwa na wengi. Je, aende wapi, kwa bei gani, na nani aamue? Mimi nina maoni yangu: chakula cha mtoto kitangulie. Lakini mfugaji wa kuku naye ana watoto, na mwanikaji anayeuziwa bei nzuri na kiwanda msimu wa mvua hatanishukuru nikimfungia soko. Sitaki mje na maoni yangu. Nataka mje na yenu yaliyopimwa.

Kila kikundi kitakuwa na watu wa fani zisizopungua nne. Sehemu ya bei ataiandika mtu wa biolojia. Sehemu ya lishe ataiandika mtu wa uhasibu. Sehemu ya idadi na kuzaliana kwa dagaa ataiandika mtu wa sheria, na sehemu ya sheria za uvuvi ataiandika mhandisi. Mwenye fani yake ndiye atakayemsahihisha mwenzake, kwa kalamu nyekundu, na rasimu zenye masahihisho hayo zitakusanywa pamoja na kazi yenyewe; nazo zina alama. Kabla ya kuandika chochote, kila kikundi kitakwenda soko la Mwaloni pale Kirumba, na baadaye kwenye mwalo mmoja wa visiwani. Nendeni alfajiri, dagaa wanaposhushwa. Salimieni kwanza. Nunueni kidogo, msiwapotezee watu muda wao wa kazi bure. Waulizeni wanawake wa vichanja ni swali gani wangependa chuo kiwajibie, mliandike kama walivyolisema, na liwe ukurasa wa kwanza wa kazi yenu.

Orodha ya vikundi itabandikwa kesho kwenye ubao wa kila kitivo. Asiyeliona jina lake aje ofisini kwangu kabla ya Ijumaa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.